Mwalimu wa unasihi yupo, ila mzazi bado anaogopa kusema

Tangu shule za serikali zianze kutakiwa kuwa na walimu wawili wa malezi na unasihi, kauli mbili zimekuwa zikisikika Mtwara na Lindi. Wazazi wenye watoto wanaosumbuliwa na maradhi ya akili wanasema afadhali, sasa mtoto atapata tiba huko huko shuleni. Walimu wanasema wametwishwa kazi nyingine juu ya vipindi walivyo navyo. Naona pande zote mbili zimeuelewa vibaya mpango huu. Mwalimu wa unasihi hatibu, wala hakuwekwa pale atibu. Yeye ni mtu ambaye mtoto na mzazi wanaweza kumweleza jambo. Sasa kama kazi yake ni kuelezwa, basi kufaulu kwa mpango mzima kunategemea swali ambalo halijadiliwi: mzazi akisema ukweli kuhusu mwanawe, ukweli huo utamsaidia mtoto au utamponza? Msimamo wangu ni kwamba kwa leo, katika shule nyingi za huku Kusini, mzazi anayenyamaza amepiga hesabu sahihi. Hesabu hiyo isipobadilika, walimu wa unasihi watakaa wakisubiri taarifa ambazo hakuna atakayewaletea.

Tuuangalie mpango wenyewe kwanza. Chini ya programu ya Shule Salama, inayotekelezwa kupitia mradi wa SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa shule za msingi, shule inapaswa kuwa na walimu waliofundwa unasihi, ambao mwanafunzi anaweza kuwaendea akiwa na shida ya nyumbani, ya ukatili au ya moyo. Walimu hao hawakuajiriwa upya. Ni wale wale wanaofundisha Hisabati na Kiswahili, wakapewa mafunzo mafupi na jukumu la nyongeza. Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kumfundisha mtu kusikiliza, kutunza siri na kujua ni wakati gani jambo lipelekwe hospitali. Hayawezi kumfanya atambue ugonjwa, seuze kuutibu, na si haki kumdai hivyo.

Haja yenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kadirio hilo ni la dunia nzima, lakini hata tukilikata nusu, darasa la wanafunzi 70 lingekuwa na watoto watano wa namna hiyo. Wengi wao hawafanani na picha tuliyo nayo vichwani ya mgonjwa wa akili anayeokota makopo stendi. Sonona kwa mtoto mara nyingi hujitokeza kama hasira za ghafla, kichwa kuuma kila siku, kukosa usingizi, kuacha kucheza na wenzake. Wasiwasi uliopitiliza hujionyesha kwa tumbo linalouma Jumatatu asubuhi na kupona Ijumaa jioni. Mtoto asiyeweza kutulia wala kushika maelezo marefu huitwa mtundu, halafu mkaidi, mwishowe mtoro. Wapo pia wenye kifafa, ambao huku kwetu hutibiwa mara nyingi na wahudumu wale wale wa afya ya akili. Na wapo waliobeba mambo mazito waliyoyaona: kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji, kilivamiwa usiku mmoja wa Oktoba 2020, na watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule leo ni vijana wa kubalehe.

Huduma za kitaalamu zipo, ila ziko mbali. Rufaa ya kawaida ni hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na sasa kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mtwara mjini. Sera ya afya imeweka maradhi ya akili miongoni mwa yale yanayostahili msamaha wa malipo, lakini msamaha haulipi nauli ya kutoka Liwale, na haujazi rafu ya dawa iliyo tupu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, mikoa hii miwili ilionja maana ya kutegemea njia moja kwa kila kitu kinachotoka bohari.

Sasa turudi kwa mzazi anayenyamaza. Ninamfahamu mama mmoja anayekaanga samaki Feri, Mtwara, ambaye mwanawe alianza kusikia sauti akiwa na miaka 13. Alimpeleka hospitali, mtoto akaanzishiwa dawa, akatulia. Mama akaenda shuleni kumweleza mwalimu wa darasa, kama tunavyowahimiza wazazi wote wafanye. Wiki haikuisha, watoto wenzake wakawa wanamwita “Mirembe” wakati wa mapumziko. Mama akamhamisha, na shule mpya hakuiambia kitu. Huko mtoto alichapwa kwa kusinzia darasani. Dawa ndiyo iliyokuwa ikimsinzisha.

Kisa hicho nakisimulia kwa sababu kinabeba pande zote mbili za hesabu. Aliposema, siri ilivuja. Aliponyamaza, mtoto alipigwa kwa sababu ya tiba yake. Anayemlaumu mama huyo kwa kukosa elimu hajamwelewa. Elimu anayo, na hospitali alikwenda mapema kuliko wengi. Alichokosa ni shule inayojua la kufanya na taarifa inayopewa. Wengine wananyamaza kwa hofu nzito zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, wakati jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilikwisha tamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Mzazi ambaye binti yake wa kidato cha pili ameponea chupuchupu hatakwenda kumweleza mkuu wa shule, hata kama wiki zinazofuata ndizo ambazo binti anahitaji zaidi jicho la mtu mzima. Atasema ni malaria.

Mfumo wa elimu wenyewe nao una mkono katika ukimya huu. Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza mtihani wa darasa la saba, hutaja watahiniwa wenye mahitaji maalumu: wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi, wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo. Watahiniwa wa namna hiyo huwekewa utaratibu wa muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Huo ni utaratibu mzuri, na unaonyesha kwamba serikali ikitaka kupindisha kanuni kwa ajili ya mtoto, inaweza. Lakini mtoto mwenye akili timamu ya darasani na ugonjwa wa wasiwasi unaomfanya mikono itetemeke mbele ya karatasi hayumo katika orodha hiyo. Shule isiyo na mahali pa kumweka humweka popote: ama kitengo cha wenye ulemavu wa akili, ambako hafundishwi kwa kiwango chake, ama kwenye orodha ya watoro. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 ulizungumzia kila mtoto. Mwalimu wa darasa hafanyi kazi na mkakati, ana fomu mbele yake, na fomu haina kisanduku cha mtoto huyu.

Walimu wana hoja nzito na sitaki kuipita haraka. Wanasema: hatuwezi kumsaidia mtoto tusiyeambiwa habari zake. Mwanafunzi akianguka kifafa karibu na moto wa jiko la uji, au akimrukia mwenzake darasani, anayeulizwa ni mwalimu, na mzazi aliyeficha hayupo. Hilo ni kweli kabisa. Wanasema pia kwamba darasa lina macho: ukimsamehe mmoja fimbo ya kuchelewa, wengine sabini wanauliza kwa nini. Nalo nalielewa. Ila muda wa ziada wa mtihani nao huonwa na wenzake mtahiniwa, na sijasikia shule iliyovurugika kwa sababu hiyo. Watoto hukubali upesi kwamba mwenzao ana utaratibu wake, mradi watu wazima hawautangazi kwa kejeli.

Upande wa wazazi nao kuna hoja inayopendwa, kwamba aambiwe mwalimu wa unasihi peke yake na ibaki hapo. Siikubali moja kwa moja. Mwalimu wa unasihi hayupo getini saa moja asubuhi. Aliyepo ni mwalimu wa zamu, na fimbo iko mkononi mwake. Siri iliyofungiwa kwa mtu mmoja haimkingi mtoto. Lakini vilevile mwalimu wa zamu hahitaji kulijua jina la ugonjwa. Anachohitaji ni maelekezo: mtoto huyu akichelewa asichapwe, apelekwe kwa mwalimu fulani, akisinzia kipindi cha kwanza aachwe, aamshwe cha pili, akitoka darasani ghafla mwenzake fulani amfuate. Jina la ugonjwa libaki kwa mwalimu wa unasihi na mwalimu mkuu, maelekezo yaende kwa wote. Mambo haya mawili tumezoea kuyafunga pamoja, na hapo ndipo siri huvujia. Yakitenganishwa, hesabu ya yule mama wa Feri inageuka.

Kuna hoja ambayo ni dhaifu kuliko zote lakini ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa, vijiweni na kwenye vikao vya wazazi: mtoto wa namna hii amekosa malezi, achapwe atanyooka, au apelekwe bweni wakamnyooshe huko. Tuanze na sheria, maana wanaoitoa hoja hii hudhani sheria iko upande wao. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila tukio liandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na aliyechapa. Kusinzia, kutetemeka na kushindwa kukaa kwenye dawati si kosa kubwa kwa tafsiri yoyote. Kisha tuje kwenye matokeo. Utafiti wa Hecker na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, ulikuta kwamba asilimia 95 yao walikwisha pata adhabu ya viboko kutoka kwa mzazi au mlezi, na kwamba waliopigwa zaidi ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya ukorofi na hasira. Mtu anaweza kusema wakorofi ndio hupigwa, na utafiti wa aina hiyo hauwezi kuikata kauli hiyo peke yake. Lakini kama fimbo ingekuwa inanyoosha, baada ya kuwafikia watoto 95 katika kila 100 tungekuwa tumekwisha uona unyoofu. Na bweni ndiyo mahali pabaya zaidi kwa mtoto anayehitaji kumeza dawa kwa saa maalumu, kulala vya kutosha na kuonwa na mtu anayemjua.

Hoja ya majini siiweki kapu moja na hiyo. Familia nyingi za pwani zitamsomea mtoto kisomo, nyingine zitampeleka kwa mganga, nyingine kwenye maombi, na mwalimu anayeanza mazungumzo kwa kuwakejeli atakuwa ameyafunga siku hiyo hiyo. Kisomo na kidonge vinaweza kwenda pamoja. Jambo la kusimamia kidete ni dawa isikatishwe, kwa sababu kukatisha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na anayeacha dawa za kutuliza sauti huweza kurudi alikotoka ndani ya wiki chache. Ustadhi naye aingizwe kwenye mazungumzo. Watoto wetu wengi hutoka shule mchana na kwenda madrasa, na fimbo ya alasiri haina tofauti na ya asubuhi. Ramadhani inapokaribia, swali la dawa za mchana lipelekwe kwa daktari na kwa sheikh kabla ya kuandama mwezi. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na daktari anaweza kupanga dozi upya.

Jambo ambalo waandaaji wa miongozo huko Dodoma hawawezi kulijua wasipokaa huku ni hili: shule inapomwita “mzazi”, nani anakuja? Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto kwa jadi ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba mara nyingi hana. Mji, dini na ndoa za mchanganyiko vimelegeza utaratibu huu, lakini uamuzi mzito, kama kumpeleka mtoto hospitali ya akili, bado husubiri mjomba katika nyumba nyingi. Mwalimu mkuu anamwita baba, baba anaitikia kila kitu kwa adabu, kisha hakuna kinachotendeka, na shule inaandika kwamba mzazi hatoi ushirikiano. Angeitwa mjomba, mambo yangekuwa mengine. Na mara nyingi anayekuja si baba wala mama, ni bibi. Msimu wa kupulizia mikorosho familia huhamia shamba. Mtoto anaachwa kijijini na bibi yake, ambaye hakuwepo kliniki daktari alipoeleza dozi. Fedha nazo zina msimu. Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba kuna nauli ya kwenda Ligula. Ikifika Juni hakuna, na Juni mtoto bado anaumwa. Desemba kuna jando na unyago. Kijana anakaa kumbini wiki kadhaa, dawa zimebaki nyumbani, anarudi Januari amevurugika, na mwalimu wa darasa jipya, ambaye ndiyo kwanza anamwona, anaandika “mtovu wa nidhamu” kabla ya Februari.

Kwa hiyo makubaliano kati ya nyumba na shule hayawezi kuwa maneno ya mdomoni ya siku moja. Yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili ambacho bibi anaweza kusomewa na kukielewa. Yaseme nani hasa ndiye msemaji wa familia, awe mjomba, bibi au shangazi, na namba yake ya simu. Yaseme dawa inaleta nini mwilini. Phenobarbitone, dawa ya kifafa, husinzisha, na kwa baadhi ya watoto huleta kutotulia. Haloperidol, dawa ya anayesikia sauti, inaweza kukakamaza mikono na kuharibu mwandiko ambao mwalimu atauita uzembe. Mwalimu akiona hayo na kumpigia mzazi, amefanya kazi ambayo daktari wa Ligula hawezi kuifanya, kwa sababu daktari humwona mtoto kwa dakika chache mara moja kwa mwezi na mwalimu yuko naye siku tano kwa wiki. Taarifa ya mwalimu, hata ya mistari mitano kwenye karatasi ya daftari, inaweza kubadilisha dozi. Sioni kwa nini kila mtoto anayekwenda kliniki asiende na karatasi hiyo. Yaseme pia mtoto akikosa shule kwa siku ya kliniki ataandikwaje kwenye daftari la mahudhurio, mtendaji wa kata asije akamfuata mzazi kwa kesi ya utoro wakati mzazi yuko dirisha la dawa.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji waraka mpya wala bajeti. Kanuni za viboko zimempa mwalimu mkuu mamlaka ya kuamua nani achape, na mwenye mamlaka ya kuruhusu ana mamlaka ya kukataza. Akiandika leo kwamba mtoto fulani asiadhibiwe kwa viboko na mwalimu yeyote, hakuna afisa elimu atakayemwuliza. Vinavyohitaji fedha ni vichache: muuguzi wa afya ya akili wa wilaya apewe mafuta ya kufika kwenye kata angalau mara moja kwa muhula, akutane na walimu wa unasihi wa shule kadhaa kwa pamoja, aangalie watoto waliotajwa, na dawa za msingi zifike kwenye vituo vya afya badala ya kusubiriwa hospitali ya mkoa. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa korosho haziwezi kusema hazina pa kuanzia.

Na muda hautusubiri. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Makubaliano ambayo shule ya msingi iliyafikia na familia, kama yapo, leo huishia getini; mtoto anaingia sekondari kama mgeni, na mzazi anaanza upya kujiuliza aseme au anyamaze, safari hii mbele ya madarasa yaliyofurika na walimu wasiojua hata majina. Maafisa elimu wa Mtwara na Lindi wana muda wa kuweka utaratibu wa ukurasa ule mmoja kumfuata mtoto, kwa ridhaa ya familia, ukiwa umefungwa kwenye bahasha kutoka kwa mwalimu wa unasihi wa shule ya msingi hadi kwa mwenzake wa sekondari. Kazi hiyo ianze na watoto ambao sasa wako darasa la tano na la sita.